Kabla hujauza miti ya mzee uje Botswana, soma hapa kwanza

Najibu hapa kwa wote maana nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kuna vois inazunguka kwenye magrupu ya tuliosoma uuguzi, jamaa anasema Botswana wanachukua manesi wa Tanzania kwa wingi, mshahara milioni sita mkononi, nyumba bure, interviu hamna, kinachotakiwa ni hela ya kufungua faili tu, unamtumia kwa simu halafu unakaa unasubiri tiketi. Binamu yangu wa Njombe kaisikia na yeye. Kashapata mteja wa shamba la miti aliloachiwa na baba yake, misindano bado michanga haijafika hata ya kupasua mbao, anataka aitoe hivyo hivyo kwa bei ya hasara ili apate hiyo hela ya faili. Na kwenye grupu kuna mtu kaandika kwamba mimi niliyeko huku nimekaa kimya kwa roho mbaya, nakula peke yangu.

Sawa. Leo naongea.

Kwanza hilo faili halipo. Ili ufanye kazi ya unesi huku lazima usajiliwe na baraza lao la uuguzi na ukunga, na ili wakusajili wanataka baraza letu la nyumbani, TNMC, liwaandikie kwamba wewe ni nesi kweli, leseni yako ni hai na huna kesi. Hayo ni mambo ya baraza kwa baraza, hayapiti mfukoni kwa jamaa wa vois. Mtu akikwambia ana njia ya kuiruka hiyo hatua anakuibia, mengine yote ni porojo. Kama una wasiwasi nenda TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ukaulize, ndiyo kazi yao, kuuliza hakulipiwi.

Pili, nafasi zenyewe sa hivi ni za kutafuta kwa tochi. Kaka zetu na dada zetu waliokuja miaka ya mwanzo ya 2000 walipokelewa kwa mikono miwili kwa sababu nchi ilikuwa inaisha watu kwa ukimwi. Rais wao wa wakati ule, Festus Mogae, alisimama mbele ya dunia akasema taifa lake liko hatarini kutoweka kabisa, na wanaokumbuka enzi hizo wanasema hakutia chumvi, kila wikiendi ilikuwa mazishi. Januari 2002 wakaanza kugawa ARV, dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, bure pale hospitali ya Princess Marina, Gaborone, nchi ya kwanza Afrika kuwapa hivyo wananchi wake, hela ya almasi ikichanganywa na ya wafadhili. Dawa zikaja, wa kuzigawa hamna, manesi wao wenyewe wengine walishakimbilia Uingereza. Ndo wakaingia Wazambia, Wazimbabwe, Wakenya, Wakongo, Wacuba, na sisi. Hiyo ndiyo Botswana mnayosimuliwa. Sasa hivi kuna vijana wa Kitswana wamemaliza uuguzi wako nyumbani wanasubiri kuitwa kama nyie mnavyosubiri tangazo la Utumishi, halafu wewe unadhani watamruka mtoto wao wakufuate wewe Makambako?

Ila hayo siyo yanayoniuma. Baridi pia sitaki kuiongelea, mi ni wa Njombe, baridi tumezaliwa nayo, ingawa hii ya jangwani ni ya aina yake aisee, Juni na Julai usiku inashuka chini ya sifuri, asubuhi unafungua bomba halitoi kitu maji yameganda, halafu saa saba mchana unatembea umevua koti. Basi. Mseme tu mnajua.

Kinachoniuma ni dirisha.

Kliniki yetu iko upande wa Ghanzi, magharibi huko, Kalahari yenyewe, kijiji sikitaji. Nesi wa kliniki ya kijijini huku ni kila kitu, unapima, unaandika dawa, halafu unazungukia upande wa pili unazitoa mwenyewe dirishani. Mfamasia hamna, daktari anakuja kwa ratiba. Kwa hiyo sura inayomwambia mgonjwa ipo au haipo ni sura yangu mimi. Na mwaka 2025 nimesema haipo mpaka neno limeniota mdomoni. Kwa Setswana ni "dipilisi ga di yo", ndiyo sentensi yangu moja ninayoitamka bila lafudhi ya kigeni, wenzangu wenyewe wananicheka, wanasema hiyo sasa umefaulu.

Najua hamuamini. Mnajua nchi ya almasi, barabara za lami, hela yao ina nguvu, sasa dawa zinakosekanaje? Mimi pia nilikuja na akili hiyo. Iko hivi: almasi ndo kama asilimia 80 ya wanachouza nje, na soko lake limeanguka, wanunuzi wengi sasa wananunua zile za kutengenezwa maabara ambazo kwa macho huzitofautishi. Hela ya serikali ikakauka. Wizara ya afya ikawa inadaiwa zaidi ya pula, hela ya huku, bilioni moja na hospitali binafsi na wauza dawa, na mdai akichoka anafunga bomba. Januari ya mwaka huo huo wa 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na kwenye ukimwi peke yake Wamarekani walikuwa wanabeba kama theluthi ya gharama huku. Mwezi wa nane mwanzoni wizara ikatangaza upasuaji usio wa dharura usimame. Tarehe 25 Agosti rais Duma Boko akatokea kwenye tivii akatangaza hali ya dharura ya afya ya umma, akatoa pula milioni 250 za kuanzia, akaweka jeshi lisimamie usambazaji wa dawa. Na alisema mwenyewe kwamba bei wanazouziwa zimepandishwa mara tano mpaka mara kumi. Mara kumi! Sasa kumbukeni zile kelele zetu nyumbani za Bohari ya Dawa kuchelewa, mseme tena Tanzania ndiyo pabaya.

Mimi nilikuwa naangalia hotuba kwenye simu na wenzangu jikoni kwa kliniki, tunakunywa chai, hakuna aliyeshangaa. Sisi tulishajua toka mapema mwaka, maana ukiagiza maboksi kumi na yakaja mawili ukaagiza tena likaja moja huhitaji rais akutangazie.

Sasa niwape mtu mmoja tu mumwone. Kuna bibi mmoja, huku wanamwita nkuku, anakuja na mkokoteni wa punda kutoka makazi ya ndani mchangani. Ni Msarwa, wale ambao shuleni tuliambiwa Bushmen, anaongea Kinaro. Setswana anakijua nusu na mimi nakijua nusu, na nusu zetu siyo zile zile, kwa hiyo katikati anakaa dada wa usafi wa kliniki ndo mkalimani wetu, analipwa kwa kufagia lakini bila yeye hakuna matibabu siku hiyo. Kadi yake ya kliniki huyo bibi anaifunga kwenye mfuko wa sukari, anaufunga na uzi, kuufungua tu ni shughuli. Anatumia ARV toka 2004. Kila ukipima wingi wa virusi havionekani, hajawahi kuruka dozi, kuna wasomi wa Dar hawamfikii nusu.

Siku hiyo presha ikasoma 198 kwa 112. Nikamwacha apumzike, nikapima mkono wa pili, yale yale. Nikageuka kwenye shelfu. Amlodipine hamna, hydrochlorothiazide hamna, kilichopo ni vile vikaratasi vya majina ya dawa vilivyobandikwa kwenye ubao na juu yake vumbi. ARV zake za miezi mitatu nikampa, hizo kwetu zilikuwepo. Yaani dawa ya ule ugonjwa uliotakiwa kumuua miaka ishirini iliyopita ninayo, ya presha, kidonge ambacho Njombe mjini unanunua kwa hela ya vocha, sina. Nikamwandikia karatasi akanunue famasi ya mjini. Mji ni Ghanzi. Kwa punda.

Akaniuliza kupitia yule dada, kwani huko kwenu hivi vidonge vipo? Nikasema vipo. Akasema basi waambie watume. Hakuwa anatania, alikuwa ananielekeza, mtu mzima akimwelekeza kijana cha kufanya.

Huyo bibi ndiyo Botswana ya leo na ndiyo maana nakasirika mkiniandikia kwamba kule ukimwi umeisha kazi ni rahisi. Haujaisha. Utafiti wao wa 2021 uliwakuta watu wazima wenye virusi ni asilimia 20.8. Njombe yetu, mkoa unaoongoza Tanzania nzima, ni 12.7 kwa utafiti wa 2022 na 2023, na sisi wa Njombe tunajua tulivyozika, sasa piga hesabu ya hapa. Walichofanya ni kwamba wamewabakisha watu. Katika walioambukizwa, asilimia 95 wanajua hali zao, wanaojua asilimia 98 wako kwenye dawa, walio kwenye dawa asilimia 98 virusi vimefubaa. Lile lengo la dunia la 95 mara tatu walilivuka mapema, Marekani yenyewe haijalifikia. Wakati sehemu nyingi Afrika bado tunabishana nani aanze dawa lini, wao mwaka 2016 walishasema kila aliyepimwa akakutwa nao aanze, na kwa dolutegravir, dawa mpya kabisa wakati ule. Nawavulia kofia. Lakini mtu ukimbakisha anazeeka, akizeeka anapata presha, sukari, figo, kansa ya shingo ya kizazi, na mfumo wote ulijengwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Sasa tunawapoteza kwa kiharusi watu ambao virusi havikuwaweza. Hilo kwenye vois halimo.

Halafu kuna suala la mimi kuwa mgeni. Mkiwa nyumbani mnasema Waafrika wote ndugu. Ndugu, eeh. Mchana mmoja kijana kamleta baba yake ana sukari, insulini ilikuwa imekata, nikasema ile sentensi yangu. Akanigeukia akaniita lekwerekwere mbele ya foleni nzima, tusi la Mwafrika wa kutoka nje, akasema mnakuja kula hela zetu na dawa mmeuza. Sikumjibu. Ungemjibu nini? Baba yake anakufa taratibu mbele yake na mwenye koti jeupe ana jina la ajabu. Wenzangu wa Kitswana ndo walimkalia kooni, mama mmoja nesi wa siku nyingi akatoka nje akamsema mpaka akaomba radhi. Kwa hiyo msinielewe vibaya, Watswana ni watu wa heshima sana, huanzi kumwambia mtu shida yako kabla hujamwamkia, dumela mma, dumela rra, hata dereva wa kombi, na hilo nalipenda kwa sababu ni kama kwetu. Ila siku mambo yakiharibika wewe ndo wa kwanza kukumbukwa kwamba hukuzaliwa hapa.

Na siyo kutukanwa tu. Kuna wakati wewe mwenyewe mgeni unawekwa mlangoni kuwazuia wageni wenzako. Mpaka 2019 ARV za bure zilikuwa za raia tu. Mzimbabwe anakuja, mfanyakazi wa shambani, dada wa kazi za ndani, anaumwa wazi wazi, unamwambia kama huna Omang, kitambulisho cha raia, hizi siyo zako, ukanunue. Nilimwambia mdada mmoja maneno hayo kwa Kiingereza changu cha Kitanzania, akaniangalia akaniuliza na wewe je, ukiugua? Mimi nina bima ya mkataba, ningemwambia nini. Septemba 2019 serikali ikabadilisha, wageni nao wakaanza kupewa, na ilikuwa siku njema kuliko siku ya mshahara nawaambia kweli. Lakini kabla ya hapo nilishawarudisha wengi.

Usiku ndo usiseme. Huku nchi ni kubwa kama Kenya na watu ni milioni 2.3 na kitu kwa sensa ya 2022, hawafiki nusu ya Dar. Maana yake ni umbali. Unalala nyumba ya watumishi pembeni ya kliniki, saa nane unagongewa, gari imegonga ng'ombe kwenye ile lami ndefu ya Kalahari, au mama wa uzazi damu haikati, ambulensi iko njia nyingine imezama mchangani, na kutoka Ghanzi mpaka Gaborone ni karibu kilomita 700, kama Njombe mpaka Dar, katikati hamna Iringa wala Morogoro, ni vichaka tu na punda wamelala barabarani. Unamshika mtu mkono kwa tochi ya simu unaongea naye Kiswahili maana Setswana chote kimekutoka. Na anaitikia.

Hela sasa, maana ndiyo mnayoitaka. Nalipwa vizuri kuliko ningelipwa nyumbani, nisiwadanganye. Nimejenga, nimesomesha, mama yangu ana presha na dawa zake hazijawahi kukatika hata mwezi mmoja kwa sababu namtumia. Mnaona palipo na mwiba? Namnunulia mama yangu Njombe kile kile ninachomwambia mama wa mtu hapa hakipo. Kuna wakati nimetoa hela yangu kuwanunulia wawili watatu, na wenzangu wote wanafanya, lakini kijiji kizima hukiwezi, na ukishamnunulia mmoja kesho wanakuja na majirani. Mwenzangu mmoja aliacha, alisema nikianza kuchagua wa kumnunulia najifanya Mungu. Mi bado nanunua. Wakati mwingine.

Na nyumbani hawaelewi. Mkataba wa mgeni una kiinua mgongo mwishoni, na hicho kiinua mgongo kimeshapigiwa hesabu huko nyumbani kabla sijakiona, shangazi ana bati zake humo, kaka ana bodaboda, kanisa lina kigae, sijui nani aliwaambia. Mimi ndo sijui kama mkataba utaongezwa. Kila ukikaribia kuisha unaandika barua unasubiri, na wanatakiwa kwanza waangalie kama kuna raia anayeweza kukaa kwenye kiti chako, jambo ambalo ni haki yao kabisa, ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, lakini unalala unawaza. Kwa hiyo nikisema mwezi huu sina, sina.

Halafu mtu ananiambia rudi basi kama ni pabaya. Nikirudi wapi? Kwenye zahanati ya kijijini kwetu yupo nesi mmoja, alikuwa darasa moja na mimi, anazalisha, anachanja, anafunga kidonda, anaandika ripoti, kila siku yuko peke yake, na kila nikienda likizo ananikaribisha chai na haniulizi chochote. Angeniuliza ningepata nafuu. Serikali ya Tanzania ilinisomesha kwa mkopo na mimi nimekuja kuwafunika pengo Watswana ambao wao wamekwenda kuwafunika pengo Waingereza. Mlolongo huu nani aliupanga sijui, ila kwenye mwisho wake wa chini kabisa kuna mama wa kijijini kwetu amekaa kwenye benchi anasubiri.

Kwa hiyo usije.

Haya, najua hutanisikia, na mi mwenyewe mwaka niliokuja nisingemsikia mtu. Kama unakuja basi njoo na kazi mkononi, barua ya ajira ina jina lako na jina la kituo, siyo ahadi. Usipande basi kuja kutafuta huku, Tunduma mpaka Lusaka mpaka Kazungula ni mwendo wa kuvimba miguu, ingawa siku hizi kuna daraja toka 2021, enzi za kaka zetu ilikuwa pantoni, unapanga foleni na malori. Mpakani usibebe nyama, hata kama ni kitoweo cha mama kimekaushwa vizuri namna gani, hawa wana ng'ombe wao wanawalinda kwelikweli, watakikamata na viatu utakanyagishwa kwenye dawa. Nyama utaikuta huku, utakula mpaka uchoke. Dagaa ndo hamna, dagaa beba, ufiche vizuri, hapana usifiche, utangaze tu, usije ukanitia aibu.

Njoo ukiwa kijana na huna mtu anayekutegemea mwezi wa kwanza, maana mshahara wa kwanza unachelewa. Au njoo ukiwa mtu mzima uliyekwisha kuzoea kutukanwa, vijana wana hasira. Ukiwa na ukunga nafasi yako ni kubwa zaidi, ukiwa na uzoefu wa CTC, kliniki ya wenye virusi, nako vizuri, ingawa ya CTC ndiyo iliyokatwa misaada 2025. Anza Setswana leo, Kiingereza kitakusaidia kwenye interviu na kwenye mafaili, na mgonjwa hamtaongea Kiingereza. Jifunze kuamkia kwanza. Jifunze kusema dawa haipo ukimwangalia mtu usoni, wanaoangalia chini ndo wanatukanwa zaidi, sijui kwa nini.

Na kama uko Njombe, una shamba la miti, na umeitwa kujitolea hospitali ya wilaya kwa posho ya nauli, najua inaudhi, najua mnajitolea mpaka soli zinaisha na hamuajiriwi, mimi sina haki ya kukwambia vumilia nikiwa nimekaa huku nalipwa kwa pula. Sikwambii vumilia. Nakwambia miti usiuze kwa ajili ya vois. Ukiuza uza kwa ajili ya kuongeza shule, chukua ukunga, chukua digrii, utakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu yeyote, wa Gaborone au wa Dodoma.

Makaratasi yanayotakiwa nitayaandika yote kwenye grupu Jumapili nikiwa sina shifti, vyeti vipi, TNMC unaanzia wapi, ripoti ya polisi, yote. Bure. Mnaotaka kujua nalipwa shilingi ngapi acheni kuniuliza mbele za watu, shangazi yumo humo kwenye grupu.